Kundi la Ala za Kupuliza la Watu Watano: Mwongozo Kamili wa Kuliunda Nairobi na Kulipeleka Mitaani

Katika stoo ya shule moja ya msingi huku Eastlands niliwahi kuonyeshwa klarineti sita zilizoletwa kama msaada. Zilikuwa zimelala masandukuni kwa miaka chini ya marundo ya vitabu vya zamani, vibonyezo vikiwa vizima na mbao zikiwa hazina ufa, ila hakuna hata moja iliyokuwa na ridi, yaani kile kijipande chembamba cha tete kinachofungwa penye mdomo wa ala na kutetemeka pumzi inapopita. Aliyezileta alipiga picha na watoto, akaondoka.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuanzisha kundi dogo la ala za kupuliza hapa Nairobi na kulifikisha kwa watoto na wakazi ambao hawana njia ya kuingia katika kumbi za katikati ya jiji. Shauri langu kuu, ambalo hatua zote zinazofuata zinalitegemea, ni kwamba uchague mahali pamoja na urudi hapo kila juma kwa muhula mzima, kisha mambo mengine, kuanzia idadi ya wapigaji hadi ufunguo wa wimbo wa mwisho, uyapange yakifuata ratiba hiyo.

Hatua ya kwanza: tafuta watu watano

Umbo lililozoeleka la kundi kama hili ni watu watano, kila mmoja na ala yake: fluti, obo (ala ya ridi yenye sauti ya juu), klarineti, honi (ala ya shaba yenye bomba lililozungushwa) na basuni (ala ndefu ya ridi yenye sauti nzito). Umbo hilo lilipata nguvu mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia watunzi kama Anton Reicha, aliyeandika kazi 24 za aina hiyo mjini Paris, na Franz Danzi, aliyeandika tisa. Kwa mahitaji ya Nairobi idadi hiyo ina faida zisizohusiana na historia. Watu watano wanaenea katika gari moja, hawahitaji mtu wa kusimama mbele na kupunga kijiti, na kwa kuwa kila ala ina sauti yake ya pekee, mtoto aliyeketi nyuma kabisa ya darasa anaweza kumtambua kila mpigaji hata akifumba macho.

Wapigaji wapo, lakini lazima uwafuate waliko. Bendi za polisi, jeshi na magereza zina watu waliofundishwa vizuri, na baadhi yao wakistaafu hubaki bila mahali pa kupigia. Idara ya muziki ya Kenyatta University, Kenya Conservatoire of Music ambayo imekuwapo tangu 1944, na Nairobi Orchestra, zote ni mahali pa kuuliza. Usiwasahau vijana waliolelewa na Ghetto Classics, mradi ulioanza Korogocho mwaka 2008 jirani na jaa la Dandora, kwa sababu kijana aliyejifunzia klarineti katika mtaa kama huo hahitaji kuelezwa namna ya kuzungumza na watoto wa mtaa mwingine.

Fluti na klarineti utazipata bila taabu kubwa. Obo na basuni ni adimu, kwa kuwa ala zenyewe ni ghali na ridi zake ni mbili zilizofungwa pamoja, kazi ya mikono ambayo watu wachache wanaiweza. Usiahirishe kazi mwaka mzima ukimsubiri mpigaji wa basuni. Sauti ya obo inaweza kuchukuliwa na saksafoni ya soprano au na fluti ya pili, na sauti ya basuni na klarineti ya besi, mradi noti za chini kabisa ambazo klarineti hiyo haizifikii uzipandishe oktava moja, yaani hadi noti ya jina lilelile iliyo juu yake.

Kuhusu honi, wapigaji wengi wa ala za shaba jijini wamelelewa katika bendi za Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921, na huko hutumiwa honi ya tena (kwa Kiingereza, tenor horn) iliyo katika E♭, yaani C iliyoandikwa husikika E♭, badala ya honi ya F, ambayo C yake husikika F, inayotakiwa na karatasi zetu za noti. Mpigaji wa honi ya tena anaweza kukaa katika kiti hicho bila wasiwasi. Unachotakiwa kufanya ni kuiandika upya sehemu yake ukipandisha kila noti toni nzima, hivyo C iliyoandikiwa honi ya F inakuwa D kwake, na ufunguo wa wimbo unabadilika vivyo hivyo. Kazi hiyo huchukua jioni moja kwa wimbo mmoja. Noti zitakazoshuka chini ya uwezo wa ala yake ziandikie oktava ya juu, na katika masikio ya wasikilizaji wa kawaida hakuna kitakachoharibika.

Hatua ya pili: mazoezi na usawa wa sauti

Tafuta chumba chenye dari la mbao au pazia zito, kwa maana ukumbi wa kuta tupu na paa la mabati hurudisha sauti hadi msisikilizane. Kumbi za makanisa hupatikana kwa bei nafuu siku za kazi, lakini jioni ya siku ya kazi mpigaji anayetoka Thika Road na mwingine anayetoka Lang'ata hawatafika kwa wakati mmoja hata wakiapa. Jumapili alasiri, ibada zikishaisha, ndiyo saa iliyotufaa sisi. Jumamosi tuliiacha kwa ajili ya watoto.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo linawagusa wapigaji wa ridi zaidi kuliko wanavyotarajia. Ridi ya obo au basuni iliyochongwa katika nchi ya chini ikifika hapa huwa nzito na kukataa kuitika, kwa hiyo ni lazima ikwanguliwe kidogo zaidi, na anayeagiza ridi kutoka ng'ambo aagize zilizo laini kuliko alizozoea mwalimu wake wa huko.

Halafu kuna baridi. Asubuhi za Julai hapa jijini huweza kushuka hadi karibu digrii 12, na sauti ya ala ya kupuliza hushuka kwa takriban senti tatu kwa kila digrii moja ya joto inayopungua ndani ya bomba lake. Senti hizi si za shilingi: ni sehemu moja ya mia ya nusu toni, na zikifika thelathini kila mtu ukumbini anasikia kwamba kuna kitu kimekwenda kombo. Kwa sababu hiyo, usiruhusu mtu aanze kulinganisha sauti mara tu anapotoa ala sandukuni. Pulizeni kwanza dakika kumi, noti ndefu, polepole, kila mmoja akipasha ala yake moto kwa pumzi, ndipo obo itoe A na wengine waifuate. Kama hamna obo, klarineti itoe sauti na simu yenye programu ya kupima iwe mwamuzi.

Kwa kuwa hakuna kiongozi wa mbele, mnaanza pamoja kwa pumzi. Anayeongoza wimbo huvuta hewa kwa nguvu ya kusikika, katika mwendo uleule wa wimbo, huku akiinua ala yake kidogo, na noti ya kwanza inaangukia pale pumzi inapogeuka. Fanyeni mazoezi ya jambo hilo peke yake, bila wimbo, mara ishirini, na mbadilishane zamu ya kuongoza. Kundi lisiloweza kuanza pamoja halifai bado kutoka nje, hata kama kila mpigaji ni hodari peke yake.

Hatua ya tatu: ala zenyewe

Klarineti na obo nyingi nzuri duniani huchongwa kwa mpingo, mti unaokua kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, mti uleule ambao wachongaji wa Kimakonde na wale wa Wamunyu huko Ukambani wameutumia kwa vinyago. Gogo linatoka Kilwa, linavuka bahari likiwa kipande cha mraba, na linarudi likiwa na vibonyezo vya fedha na bei ambayo mkata gogo hawezi kuilipa. Waambie watoto jambo hilo siku ya kwanza. Nimeona mtoto akiishika klarineti kwa namna tofauti kabisa baada ya kujua ule weusi ni wa mti gani.

Lakini klarineti ya mpingo usiipeleke darasani kwa ajili ya wanafunzi. Mbao hupasuka inapotolewa kwenye baridi na kupulizwa kwa nguvu papo hapo, au inapoachwa karibu na dirisha lenye jua la Februari. Wanafunzi wapewe klarineti za plastiki, ambazo hazipasuki na huoshwa kirahisi. Ridi zao ziwe namba 2, yaani laini, na hesabu yako ya ridi ifanywe kwa kudhani kwamba kila mtoto atavunja mbili mwezi wa kwanza.

Kila kundi liwe na mfuko mdogo wa matengenezo ambao hautoki kwenye gari. Ndani yake weka bisibisi ndogo kabisa, karatasi za kusokotea sigara, raba za kufungia noti za pesa, utepe mweupe wa mafundi wa mabomba, vitambaa vya kupangusia na kichupa cha spiriti. Karatasi ya sigara huwekwa chini ya pedi inayonata, yaani kile kifuniko laini kinachoziba tundu la ala, kibonyezo kikafinywa taratibu na karatasi ikavutwa, na unyevu wote hutoka nayo. Raba hushika nafasi ya springi iliyokatika hadi mrudi nyumbani. Utepe wa mabomba ukizungushiwa mahali ambapo kizibo cha maungio kimekwisha, ala inasimama imara tena kwa miezi. Mafundi wa Kamukunji wanaijua bati kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na wamewahi kunyoosha kwa ustadi mdomo wa honi uliobonyea, lakini usimpe yeyote kati yao ala yenye pedi akaisogezea moto wa kulehemu. Klarineti moja tuliipoteza namna hiyo, kwa kosa langu, kwa kuwa sikumweleza fundi kilichokuwa ndani.

Vumbi la mitaani ni adui mkubwa kuliko mvua. Ala ikipigwa ipanguswe ndani kabla ya kurudishwa sandukuni, kila mara, hata kama matatu inawasubiri.

Hatua ya nne: chagua mahali pamoja

Mwaka wetu wa kwanza tulikwenda shule saba, kila shule mara moja, na tulijisifu. Nilipokutana baadaye na mwalimu wa mojawapo ya shule hizo, alinikumbuka kwa kofia yangu na wala si kwa muziki. Mwaka wa pili tulichagua ukumbi mmoja wa parokia na shule iliyo ukuta kwa ukuta nao, tukaenda Jumamosi kumi mfululizo, na hapo ndipo kazi ilipoanza kushika.

Kabla ya kuchagua, chunguza kilichopo tayari. Mtaa wenye mradi wa muziki unaoendelea hauhitaji mradi wa pili wa kuvutana nao watoto, na pengine mchango wenu mzuri zaidi ni kumsaidia mwalimu wa huko aliyekwama kwenye ala moja. Angalia kama kuna chumba kinachofungwa kwa kufuli ambamo ala zinaweza kulala. Angalia kama kuna mtu mzima wa palepale, awe mwalimu, katekista au mama wa kikundi cha akina mama, ambaye atakuwepo kila Jumamosi hata ninyi mkichelewa. Mtu huyo nampa uzito kuliko chumba.

Muone mwalimu mkuu kwanza, kwa miadi, na umpelekee barua ya ukurasa mmoja inayoeleza mtakuja siku gani, saa ngapi, watoto wangapi na kwa gharama ya nani. Mjulishe chifu pia, kwa kuwa kelele za honi saa tatu asubuhi zikimfikia bila taarifa, atakuja kuuliza. Epuka kuanza kazi muhula wa pili. Katika miezi hiyo shule huwa zimezama katika matayarisho ya Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na hakuna mwalimu wa muziki atakayewapa watoto wake ilhali anatafuta nafasi ya kupanda ngazi inayofuata. Muhula wa kwanza una utulivu zaidi.

Hatua ya tano: karatasi za kisheria

Sajilini kundi chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, ili muweze kufungua akaunti ya benki na kupokea pesa kwa jina la kundi badala ya simu ya mtu mmoja. Kila mtu mzima atakayekaa na watoto awe na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, na msikubali kamwe mtu mzima mmoja abaki peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa, hata kwa somo la dakika kumi. Picha na video za watoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nanyi ipateni kwa maandishi. Iandikeni fomu hiyo kwa Kiswahili kinachoeleweka na muipeleke pamoja na fomu ya kuazima ala, ili mzazi aitwe mara moja tu.

Upande wa nyimbo, sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Danzi alifariki mwaka 1826 na Reicha mwaka 1836, kwa hiyo kazi zao mnaweza kuzinakili na kuzipanga upya mpendavyo. Wimbo wa benga ambao mwenyewe yu hai ni jambo jingine: kuupanga kwa ajili ya ala zenu kunahitaji ruhusa yake, na mara nyingi ukimpigia simu kwa heshima anafurahi.

Hatua ya sita: panga nyimbo za ziara ya kwanza

Onyesho la watoto lisizidi dakika 40, na ndani yake muziki mtupu usizidi dakika 25. Chagueni sehemu moja ya haraka kutoka kwa Danzi, msipige kazi nzima. Wekeni wimbo mmoja wa nyumbani uliopangwa vizuri. Mdundo wa benga unazikaa ala hizi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu basuni inajua kurukaruka kama gitaa la besi na klarineti inaweza kufuata vidole vya gitaa la mbele bila kuchoka, huku honi ikishikilia katikati.

Wapo watakaokwambia kwamba muziki wa aina hii ni wa kumbi za heshima na hauna mahali chini ya mwembe. Mwaka 1782 Kaizari Joseph II, mjini Vienna, aliajiri kundi la wapigaji wanane, obo mbili, klarineti mbili, honi mbili na basuni mbili, na makundi ya namna hiyo yalipigia watu waliokuwa wakila chakula au wakitembea bustanini. Ala hizi zilizoea nje na kelele za sahani tangu zamani.

Onyo dogo: msianze na Wimbo wa Taifa, hata kama mmeupanga vizuri na hata kama mnataka kuwasimulia watoto kwamba sauti yake imetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Watoto mia mbili watasimama wima kama inavyotakiwa, na itawachukua dakika tano kukaa tena.

Hatua ya saba: ziara yenyewe

Fikeni nusu saa kabla, mpashe ala moto mbali na watoto, kisha mwingie mkipiga, mmoja mmoja, kila ala ikiongezeka juu ya ile iliyotangulia. Msitoe hotuba. Jina la kundi litasubiri.

Baada ya wimbo wa kwanza, kila mpigaji aeleze ala yake kwa dakika tatu, akianzia kwenye kitu ambacho watoto wanakijua. Mpigaji wa obo aulize nani amewahi kusikia zumari katika arusi ya Pwani, kisha apige kwa ridi peke yake, bila ala, ule mlio wa bata unaowachekesha wote. Akiwa na bua la jani la mpapai, alichane kwa wembe karibu na ncha iliyozibwa na alipulize. Litalia, na watoto wataelewa ridi ni nini kuliko kwa maelezo yoyote. Mpigaji wa fluti aanze na chupa ya soda, kisha ataje chivoti, filimbi ya Wadigo. Mpigaji wa honi azungumzie siwa za Lamu na Pate, moja ya shaba na nyingine ya pembe ya ndovu, ambazo hulizwa kwa midomo inayotetemeka kama tu honi yake.

Kisha atoe paipu. Hili ni jambo ambalo nisingeliacha hata ziara ikikatwa nusu. Nunua katika duka la vifaa vya ujenzi paipu ya maji ya nusu inchi, uikate mita 3.7, ambao ndio urefu wa bomba la honi ya F likinyooshwa, uchomeke kipulizio cha honi upande mmoja na mrija mpana wa kumiminia mafuta upande wa pili, na uzibe maungio kwa utepe. Katika ziara yetu ya kwanza kule parokiani, mpigaji wetu alipoizungusha mabegani, msichana mmoja wa mstari wa mbele alisema kwa sauti, "Mwalimu, hiyo si ni paipu ya maji?" Mpigaji akamjibu, "Ni paipu ya maji, mama. Sikiliza." Akapiga noti nne za mwanzo za wimbo ambao watoto walikuwa wameuimba kwenye gwaride asubuhi ile. Msichana aliinuka akaja kuchungulia ndani ya mrija, kisha akaufuata ule mpira kwa kidole kutoka mwisho hadi mwanzo, akitafuta mahali sauti ilipojificha.

Mwisho wa ziara wachague watoto wachache wapulize, na hapa usafi usiwe wa kubahatisha. Vipulizio vioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni na kupanguswa kwa spiriti kati ya mtoto mmoja na mwingine. Maji ya moto yasitumike, kwa sababu kipulizio cheusi cha klarineti hupinda na kubadilika rangi. Ridi haishirikiwi kamwe.

Hatua ya nane: Jumamosi kumi

Ziara ya pili ndiyo inayowashangaza watoto, kwa kuwa hawakutarajia mrudi. Kuanzia hapo gaweni kazi: saa moja ya somo, nusu saa ya kupiga pamoja, na uji au chai na mandazi kabla ya kutawanyika. Mtoto mwenye njaa hapulizi, na bajeti isiyo na kifungua kinywa ni bajeti ya kundi ambalo halijawahi kufundisha.

Walio chini ya miaka tisa waanze na rekoda, ile filimbi ndogo inayopulizwa kwa ncha, kwa sababu vidole vyao havifiki kuziba matundu ya klarineti, na pia kwa sababu rekoda ni bei rahisi na wengi wameiona shuleni. Wakubwa wapewe klarineti kwa zamu. Wengi wao watakuwa wameimba kwaya na wanasoma do-re-mi kwa wepesi. Usidharau ujuzi huo kwa kukimbilia mistari mitano, bali andika do-re-mi chini ya noti kwa mwezi mzima, na wataanza kusoma za juu wenyewe.

Tatizo litakalowakuta ni kwamba noti za kwanza za rekoda na za klarineti hazilingani. Rekoda huanza na B, A na G, ilhali mtoto wa klarineti akiandikiwa noti zake za kwanza, E, D na C, zinazosikika ni D, C na B♭. Ukiwapigisha pamoja bila mpango utapata vurugu. Suluhisho letu lilikuwa D. Kwenye rekoda D ya juu hupigwa kwa kidole cha kati peke yake, dole gumba likiwa limeachia, na kwenye klarineti sauti hiyohiyo ya D huandikwa E na kupigwa kwa dole gumba na kidole cha shahada. Hivyo watoto wote, hata wa juma la tatu, wana noti moja wanayoimiliki kwa pamoja.

Sasa panga wimbo katika ufunguo wa G. D inakuwa "so", na "so" imo katika do-mi-so na imo pia katika so-ti-re, noti tatu tatu zinazosikika pamoja chini ya wimbo, kwa hiyo watoto wanaweza kuishikilia chini ya wimbo karibu wote bila kukosana na wakubwa. Watu watano wanapiga wimbo, watoto thelathini wanashikilia D, wakipokezana pumzi kwa mistari ili sauti isikatike: mstari wa kwanza unavuta hewa wakati wa pili unapuliza. Mahali ambapo wimbo unaelekea kwenye "fa" (fa-la-do, ambamo "so" haimo), andika kimya cha vipigo vinne, na uwaambie wahesabu kwa vidole vya miguu ndani ya viatu.

Hatua ya tisa: kuazimisha ala

Kila ala iandikwe kwenye daftari kwa namba iliyochongwa juu yake, hali yake siku ya kutoka, na sahihi ya mzazi. Muhula wa kwanza ala zilale kwenye chumba chenye kufuli, na mtoto aende nyumbani na rekoda pekee. Muhula wa pili anayehudhuria bila kukosa aruhusiwe kubeba klarineti nyumbani. Msimtishe mzazi kwa fomu inayomdai bei ya ala nzima ikipotea, maana mzazi mwenye akili atamkataza mtoto kuigusa. Sisi tuliandika kwamba ikipotea, familia na kundi watakaa pamoja kutafuta njia, na kufikia leo imepotea moja, ikarudishwa na jirani.

Hatua ya kumi: pesa

Ziara kumi za watu watano ni safari 50 za kwenda na kurudi, na basuni hulipiwa kiti chake kwenye matatu hata ukimbembeleza kondakta. Andikeni nauli kwanza, kisha chakula cha watoto, kisha ridi, na posho ya wapigaji iwe ndogo lakini iwepo, kwa sababu anayekuja kwa hisani tu huacha kuja mwezi wa tatu. Mfadhili anayetaka kununua ala mpya muombeni anunue ridi za miaka miwili. Wengine watakataa kwa kuwa ridi haipigiki picha vizuri. Hao waombeni sanduku la kufuli.

Jumamosi ya kumi fanyeni onyesho ukumbini, wazazi wakialikwa kwa barua iliyobebwa na watoto wenyewe, na muanze saa nane ili waliotoka sokoni wafike. Wimbo wa D uwe wa mwisho. Watu wakishaondoka, kaeni na yule mtu mzima wa palepale, mhesabu ala kwa daftari, mtupe ridi zilizovunjika, mpanguse kila bomba kwa ndani, na kabla kufuli halijafungwa muandike kwa chaki nyuma ya mlango tarehe ya Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao.